Sifuri ya Chumba cha Kati

Balaa lenyewe halikuingia kwa kishindo. Liliingia kama namba, tena namba ndogo ambayo mtu mwenye akili zake asingeigombania: sifuri nukta moja mbili.

Aliyeiona alikuwa mpima upepo ambaye wenzake kazini walimwita Nukta. Jina halikumpata bure. Ukimuuliza saa, hakukwambia ni saa nne na ushei. Alikwambia ni saa nne na dakika kumi na saba. Ukilalamika kwamba chai imezidi sukari, alitaka kujua imezidi kwa vijiko vingapi. Alimuoa fundi cherehani, mwanamke wa futikamba shingoni kutwa, na majirani walitania kwamba katika nyumba ile hata mkate hukatwa kwa rula. Mungu aliwapa mtoto mmoja tu, binti wa miaka sita, ambaye kwa kusema kwake bila kituo walimwita Chiriku.

Chiriku alizaliwa na kifua kibovu. Pumu ilimbana mara mbili tatu kwa mwaka, na kila ilipombana, Nukta alikaa pembeni ya kitanda akihesabu pumzi: inayoingia, inayotoka, inayoingia. Hakuwa mtu wa maneno matamu. Kuhesabu ndiko kulikokuwa kumpenda kwake, na mtoto alilijua hilo, kwa maana alizoea kulala akimuuliza, "Baba, tumefika ngapi?"

Kazi yake wakati ule ilikuwa ya daraja. Kampuni yake ilikuwa imepewa korongo refu kati ya vilima viwili, na kabla hata jiwe moja halijawekwa, ilibidi ijulikane upepo wa pale una tabia gani. Kwenye tambarare upepo ni kama mtu mzima, unajua anakotoka na anakokwenda. Kwenye vilima hugeuka mlevi: hugonga mwamba, hupasuka, hurudi nyuma, humkumba mtu mgongoni wakati alimtarajia usoni. Daraja la kuning'inia kwa nyaya haliogopi sana upepo mkali. Linaogopa upepo kigeugeu. Kwa hiyo Nukta na fundi wake wa kupanda minara, mtu mwembamba aliyeitwa Kipanga, walisimamisha mnara wa chuma kwenye ukingo wa korongo, na juu yake wakafunga kipimo chenye jozi tatu za vidole vya chuma vinavyotazamana. Vidole vile hurushiana sauti nyembamba isiyosikika kwa sikio la mtu, na kwa jinsi sauti inavyocheleweshwa njiani, kipimo hujua hewa inakwenda wapi: ubavuni, mbele, au juu na chini. Mara ishirini kwa kila sekunde, mwaka mzima.

Miezi minane ilikwenda salama. Mwezi wa tisa, namba ya tatu, ile ya juu na chini, ikaanza kuleta vituko. Hata saa saba mchana, jua limesimama utosini na nyasi za ukingoni hazitikisiki, kipimo kilisema kuna hewa inayoshuka, polepole, bila kukoma. Ofisi ikaamuru kishushwe, kikaguliwe na kirudishwe ndani ya siku kumi, la sivyo kumbukumbu za mwaka mzima hazitapokelewa.

Kipanga ndiye aliyepanda kukifungua. Alishuka akiwa amekikumbatia kifuani, jasho linamtiririka.

"Bosi, leo hiki chombo kizito."

"Uzito wake ni uleule. Kilo moja nukta sita."

"Basi mkono wangu ndio umekosea." Kipanga alikiweka chini, akafuta viganja kwenye suruali. "Lakini ingekuwa mimi, ningekiacha hukuhuku. Kuna kitu kimekikalia. Kimekaa kama kuku kwenye mayai."

Nukta alicheka mpaka akavua miwani. "Kipanga, wewe umepanda minara ishirini, leo unaogopa kuku?"

Kipanga alianza kukusanya kamba zake.

Sasa, ukaguzi wa kipimo kama kile hauna maajabu. Ni kama mizani ya muuza duka. Kabla hajapima sukari, huangalia kwanza sahani tupu. Mshale ukiwa haujakaa kwenye sifuri, huuzungusha mpaka ukae. Kipimo cha upepo nacho hupelekwa mahali pasipo na upepo kabisa, hufunikwa, na chochote kitakachosema pale huhesabiwa kuwa kosa lake. Kosa lile hutolewa, sifuri huwa sifuri, kazi huendelea.

Ofisini kulikuwa na mapangaboi ya dari na milango ya kubamizwa. Nyumbani kwa Nukta, kulikuwa na chumba cha kati, cha Chiriku, chenye kuta nene na kisicho na dirisha isipokuwa tundu dogo la hewa karibu na dari. Aliziba tundu kwa kitambaa. Aliweka kipimo juu ya kigoda, akakifunika kwa boksi, na boksi akalifunika kwa blanketi. Akafunga mlango, akakaa ukumbini na kompyuta mapajani, akasubiri nusu saa.

Namba ya kwanza ilikuwa sifuri. Ya pili, sifuri. Ya tatu ilisema hewa inashuka kwa sentimita kumi na mbili kila sekunde.

Ndani ya boksi, juu ya kigoda, kwenye chumba kilichofungwa. Nukta alijiuliza hewa ile inashuka iende wapi, kwa sababu chini yake ni mbao, na chini ya mbao ni sakafu. Kisha akainua mabega. Kila chombo kina kilema chake. Alifungua daftari lake, akaandika kwa kalamu nyekundu, kwa mwandiko wake wa kusimama wima: *Kosa la kipimo, kushuka 0.12. Limetolewa.* Akabonyeza vitufe, na namba ya tatu ikakaa kwenye 0.00 kama mtoto aliyeamriwa kutulia. Alifurahi.

Alipofunua blanketi ndipo alipokutana na harufu. Ilikuwa harufu ya jiwe bichi, jiwe ambalo halijawahi kuonwa na jua, pamoja na kitu kama mabawa ya popo. Akadhani ni uchafu wa korongoni ulioganda kwenye vidole vya chuma. Alivifuta kwa spiriti.

Kanuni ilitaka kipimo kiachwe kikifanya kazi siku kadhaa, kuhakikisha sifuri haitelezi. Akakiacha palepale. Chiriku alikipenda mara moja, akakiita Kaa kwa ajili ya vile vidole. Alikipa salamu asubuhi na kukiaga mchana alipolala usingizi wake wa baada ya shule.

Siku ya pili, mkewe alimwita kutoka ukumbini, mahali alipoweka cherehani yake. Hakuita kwa sauti.

"Baba Chiriku. Njoo uone nyuzi zangu."

Alikuwa na tabia ya kuning'iniza nyuzi kwenye msumari ukutani, za kila rangi, zishuke wima asizichanganye. Mchana ule, milango na madirisha yote yamefungwa kwa ajili ya jua, nyuzi zote zilikuwa zimeinama upande mmoja. Hazikupepea. Zilikuwa zimelala hewani, zimenyooka, zinaelekea mlango wa chumba cha kati.

"Chumba kile ni baridi kuliko ukumbi," alisema Nukta. "Hewa ya joto huvutwa kwenye baridi, inapita chini ya mlango. Jambo la kawaida."

"Mwaka wa saba tunakaa nyumba hii. Sijawahi kuliona hilo jambo la kawaida."

"Njoo uone." Akamwonyesha kompyuta. "Sifuri. Kungekuwa na kitu humo ndani, kipimo kingesema."

Mkewe aliitazama namba, akazitazama nyuzi, akarudi kwenye cherehani yake.

Siku ya tatu Chiriku aliamka kutoka usingizi wa mchana amechoka kuliko alivyolala. Midomo ilikuwa imepauka. Hakupiga soga wakati wa chai. Siku ya nne walimkimbiza hospitali, na daktari, mama mmoja mwenye mikono ya joto, alimsikiliza kifua mbele na nyuma, akarudia.

"Mna uhakika ni pumu?"

"Tangu azaliwe," alisema mkewe.

"Mgonjwa wa pumu hupata shida zaidi kutoa hewa. Huyu anatoa vizuri. Anashindwa kuvuta." Daktari alivua chombo masikioni. "Ni kama kuna mtu anavuta kabla yake."

Aliwapa dawa ya kuvuta, akawaambia warudi baada ya wiki. Kwenye teksi Chiriku aliegemea bega la baba yake, akauliza kwa sauti ya karatasi, "Baba, tumefika ngapi?" Nukta alikuwa amepoteza hesabu. Ilikuwa mara yake ya kwanza, na iliingia ndani yake kama mwiba.

Mchana wa siku ya tano, saa saba na dakika nane, walisikia mluzi jikoni. Hapakuwa na mtu jikoni. Ulikuwa mluzi wa kuvuta, kama wa mtu anayefyonza hewa kupitia meno, na vifuniko vya sufuria vilianza kutetemeka kimoja baada ya kingine kana kwamba kitu kinatembea kandokando ya rafu. Moto wa jiko ukalala ubavu. Harufu ya jiwe bichi ikajaa ukumbini.

Nukta akaitazama kompyuta. Namba ya tatu, iliyokaa kwenye sifuri siku zote hizo, ilikuwa imeruka. 0.12.

"Ndiyo hii," alinong'ona. Nywele za mikono zilimsimama, lakini chini ya hofu kulikuwa na kitu kingine ambacho baadaye alikionea aibu. Alikuwa amefurahi kidogo, kwa sababu sasa jambo lilikuwa na kipimo. "Mama Chiriku, mtoe mtoto! Kimeingia chumbani! Mlete huku!"

Mkewe akaingia mbio, akamnyakua Chiriku kitandani na shuka lake, akamleta ukumbini. Mtoto, ambaye kitandani alikuwa akipumua kwa utulivu, alianza kukoroma kifuani palepale mikononi mwa mama yake. Baada ya muda mluzi ukakoma. Namba ikarudi sifuri. Wakamrudisha kitandani.

Hiyo ikawa sheria ya nyumba. Sifuri, mtoto alale chumbani kwake. Nukta moja mbili, atolewe haraka. Nukta aliiandika hata kwenye karatasi, akaibandika ukutani. Mara nne ndani ya siku mbili walimtoa, mara nne wakamrudisha, na kila walipomrudisha walimkuta mwepesi zaidi mikononi.

Siku ya saba Kipanga alipiga simu.

"Bosi, nimefunga kile kipimo cha akiba juu ya mnara. Kinasoma sifuri kabisa mchana. Hakuna cha kushuka wala nini." Ndege walisikika nyuma yake. "Hapa korongoni pametulia, bosi. Hata ndege wamerudi kwenye miamba. Tangu ulipoondoka na kile chombo."

"Unataka kusema nini?"

"Sitaki kusema. Mtoto hajambo?"

Nukta hakuwahi kumwambia Kipanga kwamba mtoto anaumwa. Alikata simu, akaenda kumwambia mkewe kuwa yuko tayari kwenda popote, kwa yeyote, hata kwa wale aliokuwa akiwacheka.

Waliyemleta aliitwa Fundi Saa. Alitengeneza saa kwenye kibanda karibu na kituo cha mafuta, na jioni watu walimwendea kwa mambo ambayo hospitali huyarudisha. Alikuwa mzee mfupi, mpole, aliyechoka machoni. Hakuja na manyoya wala kengele. Alikuja na mfuko wa plastiki wenye chumvi, ubani na chetezo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mwenye nyumba ndiye wewe? Hilo lenu hukaza saa ngapi?"

"Kuanzia saa saba na dakika nane mchana."

Mzee alitabasamu kidogo. "Wengi huniambia mchanamchana. Na umejuaje kama lipo?"

Nukta akamwonyesha kompyuta na kumweleza ile sheria ya ukutani. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kwa heshima ya fundi kwa fundi. "Mimi nasikia kwa mifupa tu. Wewe mwenzangu una chombo. Haya, tutasaidiana."

Waliingia wote watatu chumba cha kati, Nukta na kompyuta yake mkononi, saa nane mchana. Chiriku alikuwa amelala chali, mbavu zimechoreka. Mkewe akakaa kichwani pake. Mzee akafunga mlango, akamwaga mstari wa chumvi kizingitini, akawasha ubani, na kuanza kuomba kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayezungumza na mdaiwa bila kutaka kumwaibisha mbele ya watoto.

Mwanzoni moshi wa ubani haukupanda. Ulitoka kwenye chetezo ukashuka kama maji, ukatambaa sakafuni, ukapanda kitanda na kukusanyika juu ya kifua cha Chiriku, ukazama humo. Mkewe Nukta aliziba mdomo kwa mkono. Mzee hakuacha, aliinua sauti, na kadiri alivyoinua ndivyo baridi ilivyozidi, mpaka pumzi zao zikaonekana mchana ule wa joto, na kitanda kikaanza kugonga ukuta, na harufu ya jiwe bichi ikawa nzito hata ikawakaa ulimini, na kutoka kifuani kwa mtoto kukasikika sauti kama ya kitambaa kirefu kinachochanwa polepole na mtu asiye na haraka, kikichanwa na kuchanwa, hadi mwisho wake ukapatikana, na kitu kikapita kati yao bila kuonekana, kikawapiga nyusoni kama mlango, kikatoka.

Kimya. Moshi ukanyooka, ukapanda wima hadi darini.

Chiriku akakohoa. Kifua chake kikapanda, juu, juu kabisa, akavuta pumzi ndefu iliyosikika chumba kizima. "Mama," alisema, "nina njaa."

Mkewe aliangua kilio. Mzee alijifuta uso kwa pindo la kanzu yake. "Limetoka. Liko nje ya chumvi, ukumbini. Msiufungue huu mlango mpaka jua lizame. Litachoka, litarudi kwao."

Mlango ulitikisika mara moja kutoka upande wa pili.

Nukta alikuwa ameinamia kompyuta. "Bado," alisema. "Halijatoka. Tazameni. Nukta moja mbili. Limo humu."

"Mwanangu, mimi chumba nakisikia chepesi."

"Mzee, wewe unasikia. Hiki kinapima."

"Baba Chiriku, mtoto anapumua!" Mkewe alimkumbatia Chiriku kwa nguvu. "Sikiliza, anapumua! Anaomba chakula!"

"Na jana? Jana hakupata nafuu kidogo halafu ikawaje?" Sauti ilimkatika. "Namba haikuwahi kutudanganya. Kila ilipopanda, lilikuwepo. Kila iliposhuka, liliondoka. Sasa iko juu na haishuki, na sisi tumejifungia nalo na mtoto, na huo mlango umezibwa kwa chumvi. Litapitia wapi?"

Mzee alimtazama mtoto, akatazama mlango, akatazama ile namba ya kijani isiyotikisika. Wasiwasi ulimwingia, ulionekana usoni. Miaka arobaini alikuwa akizisikiliza saa za watu kwa sikio, na mwaka ule wateja walikuwa wameanza kumwambia kwamba sikio lake limezeeka. "Kama limo," alisema taratibu, "basi kweli lazima lipewe njia. Lakini sijui. Sijui, mwanangu."

Nukta hakungoja. Alifuta mstari wa chumvi kwa mguu wake mwenyewe, akafungua mlango wazi.

Kitu kiliingia au kitu kilitoka. Wote walihisi ubaridi ukipita, na hakuna aliyeweza kuapa ulielekea wapi. Lakini namba ilianza kushuka. Kumi na moja. Saba. Tatu. Sifuri nukta sifuri sifuri, ikakaa, dakika moja, dakika tano, robo saa, haitikisiki. Nukta alipiga magoti kando ya kitanda, akalia kwa sauti jinsi ambavyo hakuwahi kulia tangu utotoni. Chiriku alikuwa tayari amelala, ghafla, hata njaa yake akaisahau. Mzee alikusanya vitu vyake kimyakimya. Mlangoni aligeuka, akamtazama mtoto mara nyingine, akaenda zake.

Ilipofika saa kumi na moja jioni, nyumba ilikuwa nyumba tena. Mkewe alikuwa jikoni anakata vitunguu, na kwa mara ya kwanza wiki ile alikuwa akiimba puani. Nukta alijipa kazi aliyoichelewesha: ripoti ya ukaguzi. Kesho Kipanga angekuja kuchukua kipimo, na ofisi ilitaka karatasi. Akakaa kwenye meza ya cherehani, akafungua daftari, akarudi ukurasa wa siku ya kwanza kunakili namba.

*Kosa la kipimo, kushuka 0.12. Limetolewa.*

Aliusoma mstari ule mwekundu. Akausoma tena.

Kipimo hakikuwa na kosa. Kile cha akiba kilikuwa kinasoma sifuri korongoni, na Kipanga alikuwa amemwambia kwa nini. Lile lililokuwa likivuta hewa kwenda chini lilikuja nacho, likakaa nacho ndani ya boksi, chini ya blanketi, na yeye Nukta, kwa vidole vyake, aliuzungusha mshale wa mizani ukasimama kwenye sifuri huku jiwe likiwa ndani ya sahani. Kuanzia siku ile, sifuri haikuwa chumba kitupu. Sifuri ilikuwa chumba chenye lile jini. Nukta moja mbili ndiyo iliyokuwa chumba kitupu. Kila walipomtoa mtoto mbio kumleta ukumbini, walimtoa mahali salama wakalipelekea lenyewe. Kila walipomrudisha kitandani, walimrudisha kwake. Na leo mchana lilikuwa limeshatolewa, liko nje ya kizingiti linagonga, na mtoto anaomba chakula, na yeye ndiye aliyefuta chumvi kwa mguu na kulifungulia.

Aliinua macho. Kwenye msumari ukutani, nyuzi za mkewe, nyekundu, nyeupe, za buluu, zilikuwa zimelala hewani zote pamoja, zimenyooka, zinaelekea chumba cha kati.

Alitaka kuita. Ndipo alipoisikia sauti ya Chiriku.

Ilitoka chumbani, sauti ileile nyembamba ya furaha, inasema na kusema. Jikoni kisu kilisimama juu ya ubao. "Baba Chiriku!" mkewe aliita, akicheka na kulia kwa pamoja. "Unamsikia? Unamsikia mwanao? Chiriku wetu amerudi!"

Nukta aliufikia mlango bila kujua miguu ilimfikishaje. Mtoto alikuwa ameketi kitandani, mashavu yana rangi, mikono mapajani, anakitazama kile kipimo juu ya kigoda kama anayekihadithia. Hakugeuka.

"Nitakapopona baba atanipeleka kuliona daraja na nitapita katikati kabisa nisimame nitazame chini kwa sababu chini ni kuzuri kuna mawe makubwa yana ubaridi hata mchana na popo wananijua na hakuna anayekuja hakuna hata mmoja miaka na miaka ila upepo unaingia unatoka na sikuwa na pa kuweka pumzi zangu mpaka wakaleta Kaa na Kaa akanileta kwenye chumba kizuri chenye kitanda na mama anaimba na baba anahesabu anahesabu vizuri sana baba yangu hakosei..."

Alisimama palepale. Alifanya kitu pekee alichojua kukifanya pembeni ya kitanda kile. Alikitazama kifua cha mwanawe, akaanza kuhesabu, akingojea pumzi inayoingia. Sauti iliendelea bila kituo wala koma. Ubaridi uliotoka kinywani mwa mtoto ulimfikia usoni, laini, wa jiwe bichi, unatoka na kutoka na kutoka.

"Mwache aongee tu!" mkewe aliita kutoka jikoni. "Usimkatize, mwache achoke mwenyewe!"

Nukta alikuwa amefika mia mbili na kumi, na kifua cha mtoto kilikuwa hakijapanda hata mara moja.